Nani anashika saa ya televisheni yetu? Toka mawingu ya Télé-Zaïre mpaka siku 90 za kunyamaza

Kila kituo cha televisheni ao redio kiko na ratiba: nini kinapita asubuhi, nini kinapita jioni, nani anaongea wa kwanza, nani hapati nafasi hata dakika moja. Wengi wetu tunaiona kama karatasi ya kazi ya ofisi. Lakini historia ya inchi yetu, na hata ya Uingereza, inaonyesha kwamba mwenye kushika ratiba anashika pia sehemu kubwa ya akili za raia. Hii ni kwa wakaaji wa Kamanyola, wa bonde la Ruzizi na wa majimbo yetu ya mashariki, wakati huu habari zinatuvuta huku na kule.

Siku moja kwenye Télé-Zaïre

Televisheni ya taifa ilianza kuonyesha picha Kinshasa tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 1966. Kesho yake, tarehe 24, Mobutu alikuwa anatimiza mwaka mmoja tangu achukue mamlaka. Tarehe ile peke yake inaeleza chombo kilizaliwa kwa kazi gani. Miaka kumi kiisha, mwaka 1976, kukafunguliwa majengo makubwa ya Cité de la Voix du Peuple, na ndani yake vyombo vya kisasa vilivyofungwa na Wafaransa. Inchi nyingi za Afrika hazikuwa na kitu kama hicho.

Wazee waliokuwa na bahati ya kuona televisheni miaka ile wanakumbuka jambo moja kuliko yote: mawingu. Mbele habari za usiku zianze, anga lilijaa mawingu, na katikati ya mawingu kichwa cha Mobutu kinatokea, kinakaribia polepole kama anashuka toka mbinguni. Ndipo mtangazaji anaanza kusoma. Mtazamaji alikuwa amekwisha kuambiwa nani ni mwenye neno hata mbele ya kusikia habari ya kwanza. Na habari ya kwanza, karibu kila mara, ilikuwa ile ya Mobutu: amepokea nani, amesafiri wapi, amesema nini.

Saa zingine zilijazwa na animation politique: vikundi vya wacheza, wamama na vijana wenye nguo za rangi ya chama, wanaimba sifa za MPR na za kiongozi wake. Mwaka 1975 walipita hata mpaka ule: kwa muda fulani vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la mtu mwingine yeyote wa serikali. Waziri alikuwa tu "commissaire d'État wa kazi fulani". Mtu alikuwa na cheo, lakini jina hana. Jina lilikuwa moja.

Hiyo ndiyo siku ya televisheni chini ya chama kimoja. Hauwezi kusema kila kitu kilikuwa uongo. Mpira ulionyeshwa, muziki wetu mzuri ulionyeshwa, michezo ya kuchekesha ilikuwako. Lakini mpangilio wenyewe ulikuwa unafundisha: mkubwa kwanza, mkubwa katikati, mkubwa mwisho. Mtoto aliyekua na ratiba ile alijifunza siasa bila kufungua kitabu.

Jina letu kwenye kioo, sisi nje

Kamanyola iko na sehemu yake katika hadisi hii. Mwezi wa sita 1964, wakati wa vita na waasi, Mobutu alifika mwenyewe kwenye daraja la hapa kwetu kurudishia askari moyo. Toka siku ile jina la Kamanyola likageuka hadisi ya serikali. Kikosi kikubwa cha jeshi kikaitwa Division Kamanyola. Mashua ya raisi kwenye mto Kongo ikaitwa Kamanyola. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliofunguliwa 1994 ukaitwa Stade Kamanyola, mpaka 1997 ulipobadilishwa jina kuwa Stade des Martyrs.

Kwa hiyo jina la kijiji chetu lilipita kwenye televisheni na redio miaka nyingi. Lakini maisha ya Kamanyola hayakupita: muhogo na mupunga wa bonde, barabara ya mlima wa Ngomo inayomeza magari, wamama wanaovuka mpaka wa Bugarama na vikapu kichwani. Televisheni ilikuwa kitu cha watu wachache wa mjini. Tulikuwa jina ndani ya ratiba ya wengine, bila kuwa watazamaji, na bila kuwa wenye kuongea.

Hii ndiyo alama ya kwanza ya kujifunza. Kutajwa si sawa na kusikilizwa. Hata leo tunasikia "mashariki, mashariki" kila siku kwenye habari za Kinshasa na za ulaya. Ni mara ngapi mwenyeji wa huku anapewa dakika tatu za kueleza yeye mwenyewe?

Mchezo uliopigwa saa kumi ya usiku

Kuna siku moja ambayo inaonyesha wazi nani anashika saa. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, kwenye Stade du 20 Mai. Zaire ilisimamia mambo makubwa: kila mmoja kati ya hao wawili aliahidiwa dola milioni 5. Uwanja ulijaa. Lakini mchezo ulianza karibu saa kumi ya usiku, saa ya Kinshasa. Huku kwetu ilikuwa karibu saa kumi na moja, majogoo yanaanza kuwika.

Juu ya nini saa ile? Juu Marekani ilikuwa bado jioni ya tarehe 29, na watu wa kule walikuwa wamelipa kuangalia kwenye kioo. Uwanja ulikuwa wetu, usiku ulikuwa wetu, usingizi uliopotea ulikuwa wetu. Saa ilikuwa ya mwenye kununua picha. Ali akamwangusha Foreman kwenye raundi ya 8, watu wakafurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini hesabu ya saa inabaki kuwa somo.

Hata Uingereza, waziri alishika saa

Wengine watajibu: hayo yalikuwa mambo ya chama kimoja, inchi za demokrasia haziko hivyo. Tuangalie basi Uingereza ya miaka ya 1950, inchi ambayo wengi wanaitaja kama mfano wa televisheni yenye uhuru.

BBC ilianza kuonyesha televisheni kila siku mwezi wa kumi na moja 1936. Tarehe 1 mwezi wa tisa 1939 ikazimwa juu ya vita, na watu karibu 20 000 waliokuwa na seti wakabaki na kioo cheusi mpaka mwezi wa sita 1946. Kiisha vita, siku ya televisheni ilikuwa fupi. Mchana kulikuwa na vipindi vya wamama na vya watoto wadogo. Katikati ya kipindi na kipindi, kama kitu fulani hakijawa tayari, walionyesha tu picha ya mikono ya mfinyanzi anayezungusha udongo, ili watu wangojee. Usiku, mbele ya kufunga, wimbo wa taifa, kisha giza.

Lakini la ajabu zaidi ni saa kumi na mbili ya jioni. Toka saa kumi na mbili mpaka saa moja, televisheni ilifungwa kabisa. Haikuwa juu ya kukosa umeme. Ilikuwa sheria: wazazi wapate nafasi ya kulaza watoto bila kelele ya kioo. Serikali ndiyo iliamua saa ya watoto wa kila nyumba kulala. Kituo cha pili, kile cha biashara cha ITV, kilipoanza mwezi wa tisa 1955, kikalalamika, juu saa moja bila picha ni saa moja bila pesa ya matangazo. Mwishowe, mwezi wa pili 1957, sheria ile ikaondolewa. Serikali ikakubali kwamba kulaza mtoto ni kazi ya mzazi.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo inatugusa zaidi. Iliitwa sheria ya siku 14. Kama jambo lilikuwa litajadiliwa ndani ya bunge, redio na televisheni hazikuwa na ruhusa ya kulijadili siku 14 mbele. Ilianza kama mapatano ya ndani ya BBC, kisha mwaka 1955 serikali ikaiandika rasmi. Maana yake: jambo likiwa moto, raia wasilisikie likijadiliwa, likipoa, ndipo watu waongee.

Mwaka 1956 kukaja vita vya mfereji wa Suez, kule Misri. Waziri wa kwanza Anthony Eden akaongea na taifa kwenye BBC tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, akieleza juu ya nini alituma jeshi. Kiongozi wa upinzani, Hugh Gaitskell, akaomba nafasi ya kujibu. Serikali haikufurahi, lakini BBC ikampa nafasi, na kesho yake akaongea, akapinga vita mbele ya inchi nzima, wakati askari wa Uingereza wako njiani kwenda kupigana. Mwisho wa mwaka ule sheria ya siku 14 ikawekwa kando.

Tusidanganyane: Uingereza ile ile ilikuwa na makoloni, na redio za makoloni hazikuwa na uhuru kama ule. Lakini kwa raia wa kwao, mambo mawili yaliwasaidia. La kwanza, kila sheria ilikuwa inajulikana: saa ilikuwa inajulikana, siku zilikuwa zinajulikana, hata ratiba ya kila siku ilichapishwa kwenye gazeti. Kitu kinachojulikana kinaweza kupingwa. La pili, kulikuwa na mlango wa kujibu. Upande mmoja ukiongea leo, upande mwingine unaongea kesho.

Huku kwetu mlango ulifunguka kwa shida. Tarehe 24 mwezi wa ine 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja, na watu wakamwona kwenye televisheni akilia. Halafu Conférence nationale souveraine ikaingia nyumbani kwa raia kupitia redio na televisheni, na wengi wakasikia kwa mara ya kwanza majina, makosa na hesabu za wakubwa zikisemwa kwa sauti. Mwaka 1996 sheria ya habari ikafungua njia kwa vituo vya watu binafsi. Redio za jamii zikaongezeka, na huku Bukavu Radio Maendeleo ilikuwa imekwisha kuanza toka 1993.

Toka siku 14 mpaka siku 90

Sasa tufike leo. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 24, inasema kwamba vyombo vya habari vya serikali ni vya kutumikia watu wote, na kwamba kila upande wa siasa na wa jamii uwe na haki ya kuvifikia sawasawa. Maneno ni mazuri. Katiba ile ile iliunda CSAC, chombo cha kuchunga haki hiyo.

Mwezi wa kwanza 2025, wakati vita vinakaribia Goma, serikali ya Kinshasa iliondolea waandishi wa Al Jazeera ruhusa ya kazi, kiisha televisheni ile kuongea na mkubwa mmoja wa M23. Mwezi wa sita mwaka ule ule, CSAC ikakataza vyombo vya habari kutangaza shuguli za Joseph Kabila na kupokea watu wa chama chake, kwa siku 90. Uingereza ya 1955 ilikuwa na siku 14. Sisi, miaka 70 mbele, tulipewa siku 90.

Mtu anaweza kumchukia Kabila, ao kumpenda; hilo siyo swali hapa. Swali ni hili: msikilizaji wa Kamanyola akisikia kwamba Kabila amefika Goma, na redio haina ruhusa ya kueleza alifuata nini, atapata habari wapi? Ataipata kwenye WhatsApp, kwenye sauti ya mtu asiyejulikana, imekatwa na kuunganishwa. Kukataza habari hakuondoi habari. Kunaiondoa tu mikononi mwa watu wenye kuulizwa, na kuitia mikononi mwa watu wasioulizwa.

Upande wa pili hauko safi zaidi. Mwezi wa pili 2025 AFC/M23 iliingia Bukavu, na kiisha vita vikashuka mpaka bondeni kwetu. Mashirika yanayotetea waandishi, kama JED na RSF, yameeleza mara nyingi juu ya redio za Kivu zilizovamiwa na kuibiwa, waandishi waliokimbia, na wengine waliotishwa ili waseme maneno fulani na kuacha mengine. Na haikuanza jana. Wakati wa RCD, mwaka 1999, Radio Maendeleo ilifungwa. Kila mwenye bunduki anayeingia mjini anajua njia ya kwenda kwenye antena.

Ndiyo maana tunasema ratiba inaongea. Wakati mamlaka inabadilika, vitu viwili vinabadilika haraka kwenye kituo: habari ya kwanza, na emisyo ambamo raia anapiga simu. Ya kwanza inapewa mkubwa mpya. Ya pili inafutwa, "kwa sababu za kiufundi".

Saa ya Kinshasa, saa ya Kamanyola

Kuko pia vizuizi vidogo ambavyo hakuna mtu aliyeviandika kama sheria, lakini vinafanya kazi kama sheria.

Habari kubwa za RTNC zinapita saa mbili ya usiku, saa ya Kinshasa. Hapa ni saa tatu. Mama aliyetoka shambani saa kumi na mbili, akapika, akaosha watoto, saa tatu amelala. Kama umeme uko. Na mara nyingi hauko. Mto Ruzizi unapita mlangoni petu, na juu yetu kidogo kuko mitambo ya umeme inayotumikia inchi tatu. Ruzizi II inafanya kazi toka 1989. Lakini watu wengi wa bonde wanaangalia waya zikipita juu ya kichwa, usiku wanawasha tochi.

Kisha kuko dekoda. Mwezi usipolipa, kioo kinafunga. Jirani mwenye plaki ya sola na dekoda iliyolipwa ndiye anageuka waziri wa habari wa barabara yake: akiweka mpira, wote wanaangalia mpira, akiweka filamu, wote wanaangalia filamu. Waingereza pia walipita hapo. Mwaka 1953, siku ya kuvikwa taji kwa malkia Elizabeth, watu karibu milioni 20 waliangalia televisheni, na wengi wao walikuwa wamejaa kwenye nyumba za majirani.

Na mwisho kuko mawimbi ya jirani. Tuko kwenye kona ya inchi tatu. Redio za Rwanda na za Burundi zinaingia bila kuonyesha passeport kwenye mpaka. Hakuna ubaya kusikiliza jirani. Ubaya ni kujua bei ya soko la jirani na kusikia maoni ya wakubwa wa jirani, bila kujua nini kimeamuliwa kwenye groupement yako mwenyewe.

Maswali manne ya msikilizaji

Msikilizaji hana antena, lakini ana masikio, na anaweza kupima kituo chochote: cha serikali, cha AFC/M23, cha kanisa, cha ulaya, na hata chetu. Maswali ni manne.

Moja: habari ya kwanza ni ya nani? Kama siku saba mfululizo ni ya mtu mmoja, mawingu yamerudi, hata kama hayaonekani.

Mbili: nani anatajwa bila kuongea? Wakimbizi wanatajwa kila siku. Je, mkimbizi mmoja ameongea kwa sauti yake?

Tatu: nani amepewa nafasi ya kujibu, na kiisha muda gani? Jibu la kesho ni jibu. Jibu la kiisha siku 90 ni kumbukumbu ya maiti.

Ine: emisyo iliyopotea ilipotea juu ya nini, na nani alieleza? Kituo chenye heshima kinaambia wasikilizaji wake: tumeondoa kipindi hiki, sababu ni hii. Kama sababu haiwezi kusemwa, hapo tayari umejua sababu.

Vikundi vya wasikilizaji vya bonde vinaweza kufanya kazi hii bila pesa: daftari moja, kalamu moja, wiki moja ya kusikiliza. Andikeni saa, andikeni nani ameongea, andikeni dakika ngapi. Wiki ikiisha, leteni hesabu kwenye kituo na muulize maswali kwa adabu. Na redio zote za huku, kuanzia na sisi, zinapaswa kubandika ratiba yao pahali watu wanaona: kwenye mlango wa kituo, sokoni, kwenye parking ya magari ya Uvira na Bukavu. Ratiba iliyobandikwa ni ahadi. Ikivunjwa, mtu wa kwanza anayepita ataona.

Wafinyanzi wa BBC walizungusha udongo ili watu wangojee kipindi kinachofuata. Sisi wa mashariki tumengojea muda mrefu. Siku wasikilizaji wataanza kuuliza juu ya saa, na siyo tu juu ya sauti, wenye kushika antena watajua kwamba kuna mtu anahesabu dakika.